Wimbi Langu na Chupa ya Coral

Jumatatu, 7 Julai

Baridi ya kukata masikio. Barua ya Chama imefika. Mara ya tatu hii! Mara ya tatu Chama cha Jiolojia cha Mwambao kinanijibu kwa adabu kwamba nadharia yangu "inavutia." Neno baya sana hilo. Mtu akikuambia nadharia yako inavutia, jua hajaikubali wala hana mpango wa kuikubali.

Niandike hapa ili ijulikane siku moja. Miaka elfu nne iliyopita wimbi kubwa mno lilitoka baharini, likapanda mwambao huu wetu wa mashariki wa Tasmania, likaingia bara kilomita tatu nzima, likaacha mchanga katika kinamasi cha Dunmallow. Mchanga huo nimeuona kwa macho yangu kwenye mtaro wa shamba, chini ya tope jeusi, kina cha mita moja na sentimita themanini. Nimeushika. Nimeuonja. Wanataka nini tena?

Wanataka zaidi. Barua imeandikwa na Dakta Imogen Pybus, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika nyundo ya kuvunjia mawe. Leo ananiambia mtaro mmoja hautoshi. Eti dhoruba ya kawaida ingeweza kufikisha mchanga pale mtaroni, lakini isingeweza kuufikisha ng'ambo ya kinamasi, nyuma ya kilima. Wimbi kubwa lingeweza. Kwa hiyo tuchimbe ng'ambo. Na kabla ya kuchimba, niandike mchanga utakuwa kina gani, karatasi iwekwe mkebeni.

Mkebe! Chama cha miaka tisini kinaendeshwa na mkebe wa biskuti. Mwenye nadharia anaandika utabiri, katibu anaufungia mkebeni na kuuzungushia utepe wa gundi, kisha wote wanakwenda kuchimba, na mkebe unafunguliwa mbele ya watu baada ya soseji. Kila kitu kilichomo kwenye ramani yetu ya mwambao kimepita katika mkebe ule. Ramani mpya inakwenda kuchapwa mwisho wa mwezi huu. Iliyopita ilichapwa miaka ishirini na miwili nyuma. Mimi nina sitini na saba. Wimbi la Trethewie lisipoingia safari hii, litaingia mimi nikiwa tabaka la udongo.

Coral, mke wangu, anasema si wachimbe tu, kama mchanga upo, upo. Hajui sayansi.

Jumanne, 8 Julai

Nimepeleka utabiri kwa katibu, Alwyn Gatehouse. Huyu ni mtu wa makombe. Miaka arobaini jumba la makumbusho akibandika vikaratasi kwenye makombe ya konokono wa baharini. Si mawe, makombe! Mimi ni mtu wa mawe, sijawahi kujifunza jina la konokono hata mmoja na sijapungukiwa na kitu.

Niliandika kwa uangalifu: mchanga utapatikana kati ya sentimita sifuri na mita nne. Gatehouse akasoma, akaikunja karatasi, akanirudishia.

"Bwana Trethewie, utabiri usioweza kukosea hauna kazi. Hata mimi naweza kutabiri mvua kati ya leo na Krismasi."

Nikamwuliza tangu lini tahadhari imekuwa dhambi. Akasema anataka namba moja, na nafasi ya kukosea vidole viwili huku na viwili kule, basi. Akampigia simu Pybus mbele yangu. Sauti ya binti yule ikatoka ndani ya simu, tamu kabisa: "Mwalimu, si ulisema una uhakika? Andika namba tu."

Nikaandika 180. Kwa hasira. Akaifungia, akazungusha utepe mara tano.

Nilipofika kwenye gari jasho likaanza kunitoka, na nje kuna barafu. Je, kama ng'ambo ni mia mbili na thelathini? Je, kama hakuna kitu? Na mahali pa kuchimba sichagui mimi! Pybus ndiye anayechagua, kwa sababu yeye ndiye mpinzani, na utaratibu unasema mpinzani achague. Kesho anapiga kigingi chenye kitambaa chekundu, ili mwenye shamba ahamishe kondoo wake. Jumamosi tunachimba. Maisha ya mtu yamewekwa kwenye kigingi.

Alhamisi, 10 Julai

Nieleze vizuri, maana mtu akisoma vibaya atadhani nimeghushi. Sikughushi. Wimbi lilikuwepo, hilo ni kweli. Mchanga upo mahali fulani kule chini, hilo nalo ni kweli. Nilichofanya ni kuusaidia ukweli uwe mahali utakapotafutwa.

Asubuhi nilipita ufukoni nikajaza ndoo mbili za mchanga. Kisha nikaona mchanga mtupu hauna mvuto. Tabaka la bahari liwe na dalili ya bahari. Nikakumbuka chupa kubwa ya kioo ya Coral, ile ya dirishani bafuni, imejaa makombe anayookota akitembea na mbwa. Nikachagua yale mazuri, marefu, yenye ncha kali na mizunguko kama parafujo. Ishirini na matatu.

Saa nane mchana nilikuwa kwenye kigingi, na keekee ile ndefu ya kuchimbia nguzo za ua. Kazi ngumu! Tope jeusi, tope jeusi, tope jeusi. Nilipokaribia kina changu ndipo ikaanza kero. Tope likabadilika, likawa la kijivu, lina chengachenga, likakwaruza keekee mpaka meno yakaniuma. Nikalitoa lote kwa matusi na kulitupa kinamasini. Nikamimina mchanga wangu safi, nikapanga makombe, nikafukia, nikarudisha nyasi juu na kuzikanyagakanyaga.

Nilipoinua kichwa, mwenye shamba alikuwa amesimama upande wa pili wa senyenge. Mama Woolnough. Sijui tangu saa ngapi.

"Mzee, umepotea?"

Nikamwambia nahesabu ndege.

"Ndege gani?"

Nikamwambia kasuku wa jangwani.

"Kinamasini?"

Nikamwambia ndiyo maana nawahesabu, ni wachache. Akaniangalia mabuti, akaangalia mikono yangu iliyojaa tope mpaka kwapani, akasema basi nikimaliza nifunge geti, kondoo wasije wakatoka wakahesabiwa nao. Wakulima hawana heshima kwa elimu.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya aibu. Aibu ya Chama, si yangu.

Ilianza vizuri. Watu ishirini na wawili, mabuti ya mpira, upepo wa kuondoka na kofia. Soseji kwenye jiko la gesi nyuma ya pikapu. Gatehouse alikuja na pai za nyama ya makombe zenye bizari, akala mbili mwenyewe. Bomba la kutolea sampuli likasukumwa ardhini pale pale kwenye kigingi, likavutwa juu na watu wanne, likalazwa juu ya turubai na kupasuliwa kwa urefu. Wote wakainama. Tope jeusi, jeusi, jeusi, na ghafla mchanga mweupe! Umejaa makombe! Pybus akaweka futi. Sentimita mia moja na themanini kamili.

Mkebe ukafunguliwa. Karatasi ikasomwa. Mtu akapiga makofi. Pybus akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamemlowa, akasema, "Hongera, Mwalimu. Nilikubishia miaka sita." Nikamwambia kwa upole kwamba wengi wamekosea kabla yake. Nilikuwa tayari nimeshawasamehe wote.

Ndipo Gatehouse akapiga magoti na kile kioo chake cha kukuzia. Akaokota kombe moja. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Akalifuta kwa leso.

"Huyu namfahamu," akasema. "Huyu ni mgeni."

Akaanza mhadhara, bizari bado mdomoni. Eti konokono huyu asili yake ni Nyuzilandi. Eti hapa kwetu aliletwa na meli, pamoja na chaza hai, kama miaka mia moja iliyopita. Sasa amejaa kila ufuko, lakini kabla ya hapo hakuwepo hata mmoja. Akauliza, bila kumwangalia mtu, imekuwaje mgeni wa miaka mia moja alale chini ya tope la miaka elfu nne.

 Watu ishirini na wawili wakamtazama konokono, kisha kila mmoja akapata kitu kingine cha kutazama. Hapo Mama Woolnough, aliyekuja kula soseji za bure, akauliza kwa sauti ya kuita kondoo: "Huyu si ndiye yule mzee wa kasuku?"

Nikasema sijawahi kumwona mama huyu maishani mwangu.

Pybus alikuwa ameuachia mkono wangu. Akasema polepole kwamba tundu limevurugwa, na tundu lililovurugwa haliwi ushahidi wa kuunga mkono wala wa kupinga. Linafutwa. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyenituhumu. Hakuna hata aliyeniuliza! Walinipa pai niende nayo nyumbani, imefungwa kwenye karatasi. Sijawahi kutukanwa hivyo.

Jumapili, 13 Julai

Coral ameuliza makombe yake yako wapi, chupa imebaki nusu. Nikasema mbwa. Akaniuliza mbwa amefikaje dirishani. Nikasema ni mbwa mrefu. Sahani zilioshwa kwa kelele.

Nimekaa chumbani kwangu nikiwaka. Konokono mmoja! Konokono, mnyama asiye na mifupa, amesimama kati yangu na ramani!

Halafu, kama saa tano asubuhi, nikauona mwanga. Nani alimwona konokono huyu akiteremka melini? Nani alikuwepo? Gatehouse? Hajazaliwa. Ni vikaratasi tu vya makumbusho, mmoja ameandika na mwingine amenakili. Wote wameamini kwa sababu wote wameamini. Na sisi wenyewe, jana, mbele ya mashahidi ishirini na wawili, tumewakuta konokono hao ndani ya tabaka la miaka elfu nne. Ndani ya tabaka! Nyuzilandi iko upande gani? Mashariki. Wimbi langu lilitoka upande gani? Mashariki!

Wimbi ndilo lililowaleta. Kilomita elfu mbili, kutoka Nyuzilandi mpaka kwa Mama Woolnough. Si wimbi la Dunmallow tena. Ni wimbi la bahari nzima.

Kurasa sita kufikia chai ya jioni.  Nilijaribu kukumbuka kama kuna jambo dogo nilipaswa kulizingatia kuhusu namna makombe yale yalivyofika pale, lakini jambo hilo halina nafasi katika hoja, nikaliacha.

Jumatano, 16 Julai

Nimewatumia wanachama wote kurasa zangu. Amejibu Gatehouse peke yake. Mistari miwili. Anauliza: wenyeji wa kale wa kisiwa hiki walikula konokono na chaza kwa maelfu ya miaka, wakaacha malundo ya makombe kila pembe ya mwambao. Malundo yamechunguzwa. Mbona humo hakuna hata parafujo mmoja?

Nikajibu kwamba hawakupenda ladha yake.

Akauliza: na fukwe za kale zilizofukiwa, ambako hakuna mtu aliyekula kitu?

Nikajibu kwamba konokono walikufa njiani, wakafika kinamasini tu.

Akauliza: je, kuna kitu chochote ambacho kikionekana kesho, Bwana Trethewie atakubali kwamba amekosea?

Swali la ajabu! Nimefikiri dakika ishirini nzima. Hakuna. Na huo ndio uimara wa nadharia yangu, nikamwandikia hivyo hivyo, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Hajajibu. Nimemshinda.

Ijumaa, 18 Julai

Pybus amekuja nyumbani. Na keki. Coral akamkaribisha kana kwamba ni binti yake aliyetoka safari, akamkalisha kwenye kiti changu.

Binti akatoa picha. Kumbe Jumatatu alirudi kwa Mama Woolnough, akaomba ruhusa, akachimba matundu mengine mawili, hatua arobaini kila upande wa lile la kwanza. Namba aliyoitumia ni ileile ya mkebeni, yangu. Tundu moja, mchanga kwenye sentimita mia na themanini na tatu. La pili, mia na sabini na saba. Tabaka jembamba la unene wa kidole, la kijivu, lenye chengachenga, bila kombe hata moja. Nikahisi nimewahi kuliona mahali, sikukumbuka wapi.

Akaeleza kwamba chini ya hadubini mchanga ule umejaa vijidudu vya bahari ya kina kirefu, ambavyo dhoruba haivifikii. Kwamba hakutaka kujiamini mwenyewe, kwa hiyo alimpelekea Gatehouse vichupa kumi bila majina, vingine vya tope tupu, na Gatehouse, ambaye hanipendi hata kidogo, akavitambua vyote vya mchanga kimoja kimoja na kutia saini. Na kwamba bado wanasubiri vipimo vya umri kutoka maabara ya Hobart, lakini Chama kiko tayari kuliweka wimbi kwenye ramani, kwa alama ya nukta nukta mpaka vifike.

"Ulikuwa sahihi tangu mwanzo, Mwalimu. Mimi ndiye niliyekosea. Nimewaandikia wote kwamba nilikosea."

Akaweka mezani rasimu ya ramani. Juu ya kinamasi, kwa herufi ndogo za bluu: Wimbi la Trethewie. Jina langu. Kwa bluu. Sitaficha, nililipitishia kidole mara mbili.

Kisha akaweka karatasi ya pili. Sentensi moja tu. Tundu la kwanza lilivurugwa, makombe yake yasihesabiwe. Niweke saini kama mwenye nadharia, basi, imekwisha. Akasema, akiangalia keki, kwamba haulizwi mtu wala haandikwi mtu.

Nikamwuliza: na Nyuzilandi?

"Mwalimu, achana na Nyuzilandi."

Nikamweleza kwa subira kwamba ananiletea wimbi la kidole kimoja la kinamasi kimoja, nami nina wimbi lililovuka bahari na kubeba mizigo. Ananitaka nitie saini kufuta ushahidi wenye nguvu kuliko wote, makombe ishirini na matatu yaliyotolewa ardhini mbele ya watu! Mwanasayansi gani anafuta ushahidi?

Coral alikuwa mlangoni na birika. Nikamwona anaangalia upande wa bafuni. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Neville. Weka saini."

Nikauliza amejuaje ni ishirini na matatu, maana alikuwa akinitazama hivyo. Akasema hakusema namba. Akasema nimesema mimi.

Pybus alisimama, akavaa koti. Mlangoni alinigeukia, pua nyekundu. Akasema mimi ndiye niliyemfundisha, mwaka wa kwanza, kwamba jiwe halijui jina la mtu. Nikamwambia ni maneno mazuri, ayashike. Keki ilikuwa ya nazi. Nimekula nusu yake kwa hasira.

Jumatatu, 28 Julai

Ramani imekwenda kuchapwa. Alhamisi Chama kilikutana, na wote, wote kabisa, wakainua mikono kukubali wimbi. Hebu fikiria watu hawa! Mara tatu wamelikataa, na leo, kwa sababu ya matundu mawili na vichupa kumi, wamegeuka katika wiki mbili. Hawana msimamo. Mimi tangu nilipoanza sijabadilisha wazo hata moja, isipokuwa kwa kuongeza.

Jina langu halimo. Pybus alilipigania, nasikia, mpaka akapandisha sauti. Lakini nilikwisha kumwandikia Gatehouse liondolewe, kwa herufi kubwa, sitaki kuhusishwa na wimbi dogo. Sasa linaitwa Wimbi la Dunmallow. Herufi zilezile za bluu. Gatehouse alinitumia nakala, na kikaratasi kidogo kimebandikwa pembeni, kama anavyobandika kwenye makombe: "Pole, ndugu yangu." Nimeitazama nakala ile kwa muda. Karatasi nzuri. Nimeiweka kwenye droo, chini ya soksi.

Hawataniweza. Leo asubuhi nimepeleka utabiri mpya, namba moja safi, bila kuambiwa: upande wa kaskazini wa kinamasi, sentimita mia moja na themanini, parafujo. Gatehouse alishika karatasi muda mrefu bila kunitazama. Nikamkumbusha kwamba mkebe hauchagui mtu, ndivyo inavyosema katiba ya Chama. Akasema ni kweli, ndivyo inavyosema. Akazungusha utepe. Kigingi kinapigwa Jumatano.

Coral alikwenda ufukoni jana na mbwa, amejaza chupa yake tena mpaka shingoni. Parafujo wakubwa, wazuri, wana ncha kali. Nimemwuliza kama anawahitaji wote.